Mnakili

Mimi ndiye niliyenakili diwani yake,
kwa kalamu ya tete na wino wa masizi,
hapa Lucknow, nyuma ya duka la mafundi saa,
ukungu ukilala uchochoroni hadi saa nne
na vidole nikivipasha juu ya makaa.

Kurasa mia tatu na sita. Mpenzi mmoja.
Neno *dirisha* nimeliandika mara mia mbili na kumi na mbili.
Nilihesabu, maana nililipwa kwa mstari,
na maana mkono ulikuwa umeshaijua njia
kabla mimi sijafika.

Usiku wa kughani, Ustadhi Sarfaraz alipandishwa jukwaani
ameshikwa huku na huku kama bwana harusi mgonjwa.
Mshumaa ukasogezwa mbele yake.

Thelathini imepita, ningali papo njiani,
baridi yaleta vita, nawe uko dirishani.

Wah! Wah! Rudia, Ustadhi, rudia!
Karani wa benki alijipiga paja, akajifuta macho kwa skafu.
Nami nililia, sioni haya kusema.
Kwa beti hizo hizo nilimposa mke wangu
na sikumwambia ni za nani.

Wiki ile ile Kudsia Begum akaniita.
Alitaka kukiona kitabu kabla hakijashonwa.
Ghorofa ya juu, kitambaa cha darizi mapajani,
miwani imefungwa kwa uzi mweupe.
Alisoma upesi, kama mtu akaguaye hesabu ya muuza duka.

"Hapa nimevuta pazia kwa madaha.
Nilikuwa navua nguo.

"Hapa nimetoweka, mwezi umepatwa.
Nilikuwa Kanpur kwa mjomba. Nilipelekwa.
Kaka alisikia beti zikighaniwa kwa kinyozi,
akarudi nyumbani na kunivunja hiki."
Akanionyesha kidole. Hakikunyooka.

"Hapa moyo wangu ni jiwe.
Mchumba wa Faizabad alirudisha halua yote, na sinia lake.
Mama yake alisema kidoti changu cha kidevuni
kinajulikana mpaka stesheni."

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayejitetea,
kama aliwahi kusema naye, walau mara moja.

"Mara moja. Alinikanyaga sokoni, akaniomba radhi.
Hakunitambua."

Akafunua tena. Nilidhani ameisha.
Kisha akacheka, mkono mdomoni, kicheko cha msichana:

Birika lapiga mbinja, wewe hunijibu neno,
heri nipose birika, lenye moto na maneno.

"Hii ni nzuri, mwanaharamu yule.
Nilikuwa na birika kweli, la shaba, kifuniko kimepinda.
Ingekuwa zote mbaya ningelala vizuri."

Hakuniambia niondoe hata ubeti.
Alisema tu pale ukurasa wa mia na tisa
nimekosea nukta.
Nilikuwa nimekosea.

Narudi mezani. Umebaki ukurasa wa tabaruku:
*Kwake yeye asiyejibu.*
Nimeuandika mara tatu, mara tatu nikauchana,
herufi zikitoka nzuri mno.
Kusimama barabarani miaka thelathini,
tunakuita kudumu. Mbwa akifanya hivyo
tunamrushia jiwe, au tunamsifu,
inategemea nyumba ni ya nani.

Mke wangu akaleta chai, akainama begani.
"Unaandika ule wa baridi na dirisha?
Ule wako?"
Nikasema si wangu.
"Najua. Nilijua siku ile ile.
Wewe huwezi hata kuandika barua kwa mwenye nyumba."
Akapuliza kikombe, akakaa kimya kidogo.
"Lakini niambie.
Ningesema sitaki, ungerudi?"

Kalamu ilikuwa imekauka.
Nilichukua muda mrefu kuichovya.